Mkono Nilioutoa Kanisani

Mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo, ndiye aliyesema mama yangu ni mchawi. Mtoto wake alikuwa amekufa kwa homa, na pale msibani, mbele ya wanawake wote wa ukoo, akamnyooshea mama kidole. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtetea. Wiki haikuisha mama akaondoka Isansa, kwetu milimani, na mzigo mmoja kichwani, akashuka Kamsamba kwa mjomba. Joto la kule halikumkubali. Masika ya pili akafa. Habari ilitufikia ameshazikwa.

Kaka yangu, aliyekuwa amerudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, alitaka kuichoma nyumba ya mama mdogo. Nilimwambia aache. Si kwa huruma. Nilitaka aishi, watu wamkimbie kama walivyomkimbia mama.

Lakini mama mdogo akaingia darasa la ubatizo. Jumapili aliyobatizwa alisimama mbele ya kanisa, akalia, akaomba nimsamehe. Mzee wa kanisa akaniita. Nikaenda na mtoto mgongoni, nikatoa mkono. Watu wakaimba.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nikipalilia kahawa, ambayo miaka ile ya Mwingereza ilikuwa bado ngeni kwetu, naacha jembe nasimama tu. Nikisali Sala ya Bwana, nikifika pale pa kusamehe nayaruka maneno. Nilimwendea mzee wa kanisa.

"Baba, nilidanganya pale mbele."

"Mkono umeutoa," akasema. "Moyo utafuata."

Nilingoja misimu miwili ya mvua. Haukufuata.

Asubuhi moja nikaenda kwa mama mdogo. Alikuwa anapepeta ulezi. Sikuketi.

"Mama mdogo, sijakusamehe. Nilitoa mkono kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Akapepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Najua, mwanangu. Niliushika."

"Uliomba msamaha. Hukusema kwamba ulimsingizia."

Akajifuta vumbi la ulezi mikononi. "Nilikuwa namzika mtoto. Nilitaka apatikane wa kulaumiwa."

"Basi kaseme hivyo Kamsamba. Kule mpaka leo wanasema amezikwa mchawi."

Nilidhani atakataa. Kesho yake akaja kwangu na chakula cha njiani, nikambeba mtoto, tukatembea siku tatu, hatuzungumzi ila tukiulizana njia.

Mjomba aliwakusanya jirani zake. Mama mdogo akasema akiwa amesimama, sauti chini. Mjomba akamtaka arudie, wa nyuma wasikie. Akarudia.

Kisha tukaenda kaburini. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Kwa hofu, hakuna aliyewahi kupasafisha. Mama mdogo akapiga magoti akaanza kuyang'oa kwa mikono. Nilitaka kumwambia atoke, hapakuwa pake. Badala yake nilimkabidhi mjomba mtoto, nikainama upande wangu, nami nikang'oa.

Sijui kama huko ndiko kusamehe kunakohubiriwa. Kaka hakumsalimia mama mdogo mpaka mama mdogo alipokufa. Mimi nilimsalimia, na alipougua nilimpelekea uji. Lakini ziko siku nilimsikia akicheka na jirani, nikaacha nilichokuwa nafanya, nikatembea hadi mwisho wa shamba na kurudi, mara mbili, mara tatu.