Fundi wa Kugonga Miti

Dada wa tiketi alimzoea yule fundi wa miti kama alivyozoea mlio wa geti la bustani. Kila asubuhi fundi alipita mti kwa mti, akigonga kila shina mara tatu kwa vifundo vya vidole, vilivyoota sugu nyeusi, kisha akitega sikio. Mti mzima aliupapasa akaenda zake. Uliooza ndani, hata kama umejaa maua, aliuambia kwa sauti ya chini, "Pole sana," na wiki haikuisha kabla haujakatwa. Hakuwahi kukosea.

Siku moja, wakati wa chai, dada aliinama kufunga kamba ya kiatu, akakohoa kidogo. Fundi alikuwa akipita nyuma yake. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukagonga mgongo wa dada mara tatu.

"We kaka, mimi mti?" dada akacheka.

Fundi hakucheka. "Pole sana, dada," alisema kwa sauti ileile. "Nenda hospitali leo hii."

Alikwenda ili tu amnyamazishe. Pafu la kushoto lilikutwa limejaa maji. Alilazwa wiki tano, akapona, akarudi kazini na kumshukuru fundi mbele ya watu wote. Fundi aliitikia kwa kichwa tu, mikono mfukoni. Wenzao walimsifu mpaka basi. Lakini tangu hapo, fundi akiingia chumba cha chai, kila mtu, dada akiwa wa kwanza, husogeza kiti taratibu mpaka mgongo uguse ukuta.