Maziwa Niliyoyatema

Tuliokaa kwenye mkeka wa futari jioni ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu anayenifuata, ambaye ni mwalimu, mke wake, kitinda mimba wetu, ambaye ni fundi wa kushona nguo na hadi leo huniita mama, na shangazi yetu, dada ya marehemu baba. Nawataja wote kwa sababu baadaye yupo aliyedai kwamba hakuna lililosemwa. Lilisemwa. Nilikuwa hapo, na tende ya pili ilikuwa bado mkononi mwangu.

Mdogo wangu mwalimu alimaliza uji wake, akapangusa midomo, akasema bila kunitazama, "Dada, kuna watu wamekuona sokoni ukinywa maziwa mchana."

"Watu gani?"

"Watu tu. Siwezi kuwataja."

"Basi hao watu tu hawakuona kitu."

"Mimi sikulaumu. Lakini mtu anayefunga mwezi mzima lazima apungue. Wewe kila mwaka mfungo ukiisha umeongezeka."

Mke wake aliinamia sahani ya sambusa kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Mitungi hufika asubuhi, mingine kwa pikipiki kutoka Burat, mingine kwa gari linalotoka Kipsing, na kazi ya kwanza kabla ya salamu kuisha ni kuonja. Mtungi mmoja ulioanza kuchacha ukimiminwa pamoja na mingine, mali yote imekwenda. Macho hayaoni hilo, na moshi tunaofukizia mitungi hudanganya pua. Ni ulimi tu unaojua. Unamimina tone kwenye kifuniko, unaonja. Ramadhani unaonja kwa ncha ya ulimi, unatema, unasukutua. Kila mama wa maziwa hufanya hivyo. Mtu aliyeniona ameona kifuniko kikipanda mdomoni, akageuka akaenda zake kabla sijatema.

"Anaonja na kutema," shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Hata wewe, mwalimu, umesomeshwa na mate hayo."

Kitinda mimba alicheka hadi akapaliwa. Mwalimu hakucheka.

"Sawa, shangazi. Na huo mwili umetoka wapi?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likizunguka mji mzima nyuma ya mgongo wangu. Niliacha shule darasa la sita, baba alipokuwa ameshafariki na mama amemfuata, nikaingia kwenye maziwa ili wadogo zangu wasiache. Nimebeba mitungi tangu mabega yangu yakiwa ya mtoto. Nilikuwa mwembamba hivi kwamba shangazi alisema upepo wa hapa utanipeleka Kinna bila nauli. Kisha, miaka kadhaa iliyopita, mwili ukaanza kujaa wenyewe. Nywele zikadondoka. Sauti ikawa nzito. Nikaanza kuvaa sweta mchana, katika jua hili letu, na magoti yakakataa mitungi. Daktari akaniambia tezi ya shingoni, ile wanayoiita thairoidi, imelegea na haifanyi kazi yake. Akaniandikia vidonge, kimoja kila asubuhi.

Nilivimeza bila kuruka hata siku moja, na niliendelea kunenepa. Niliacha sukari. Niliacha mafuta. Nilikuwa naamka kutembea hadi upande wa Burat, karibu na kambi ya wanajeshi, narudi nikihema, ndipo naanza kazi. Wateja walitania: "Mama maziwa, wewe unauza au unamaliza?" Nilicheka nao, kwa sababu mteja hafukuzwi. Niliporudi kwa yule daktari kumwambia dawa haifanyi kitu, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mama, punguza chapati." Wakati huo nilikuwa sijagusa chapati tangu mvua iliyopita.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiuliza mwili huu umetoka wapi, niliweka tende yangu chini, nikaenda kusali. Nilikuwa na hasira hivi kwamba nilisahau rakaa na kuanza upya.

Kesho yake kitinda mimba alifunga cherehani yake, akanishika mkono. "Twende hospitali nyingine, mama. Wewe huli. Mimi nakaa nawe, najua."

Daktari tuliyemkuta huko alikuwa mwanamke, labda rika la kitinda mimba. Alitoa damu, akasoma majibu, akauliza, "Hii dawa kweli unameza?"

"Kila siku. Mwezi huu nameza wakati wa daku."

"Unameza na nini?"

"Na chai."

"Chai gani?"

Nilimtazama. Kwetu hakuna chai ya aina mbili. Chai ni maziwa. Chai ya rangi ni ya mwaka ambao mifugo imekufa, na hata mwaka huo humpi mgonjwa. "Ya maziwa," nilimwambia. "Ya ngamia."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba maziwa huizuia dawa hii isiingie mwilini. Kwamba ni maji matupu, tumbo likiwa wazi, kisha nikae karibu saa nzima kabla ya kula, na maziwa yasubiri zaidi. Kitu ambacho mtu angenieleza huku amesimama mlangoni. Miaka yote ile nilikuwa naimeza dawa na kuizuia kwa kikombe kimoja. Watu wote walikuwa wamehesabu chakula changu, daktari wa kwanza, wateja, mtu wa damu yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nameza dawa na nini.

Kisha akasema, "Na usifunge kwa sasa. Moyo wako unapiga polepole mno. Subiri dawa ishike."

Hapo ndipo nililia. Kile nilichosingiziwa, sasa niliambiwa nikifanye. Siku zote zilizobaki za Ramadhani nilikula mchana, nimekaa sakafuni nyuma ya pazia, wali wa jana usio na ladha, na kitinda mimba amesimama mlangoni akisema, "Kula, mama. Nimefunga kwa komeo." Nilimeza kila tonge nikisikia sauti ya mwalimu.

Dawa ilishika. Polepole, lakini ilishika. Sweta imerudi sandukuni. Sijawa mwembamba na sitarajii, lakini kitinda mimba amepunguza madera yangu pembeni, kidole kila upande, na mitungi nimeanza kuibeba tena.

Mdogo wangu alikuja juzi. Alinitazama juu hadi chini, akatabasamu. "Dada, umepungua. Naona umeanza kujikaza."

"Nimejikaza tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu," nilimwambia. "Kilichobadilika ni maji." Nikamweleza habari ya chai, yote. Alisikiliza. Akasema, "Kumbe." Halafu akaomba maziwa ya kubeba nyumbani.

Nikamjazia mtungi. Lile neno la mkekani hajalifuta, na sitamwomba alifute.

Mimi nina deni langu, siku zile nilizokula nyuma ya pazia. Daktari amesharuhusu. Nalipa kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi. Naamka mapema kuliko wote, nameza kidonge kwa maji, nasubiri, nakula daku. Mitungi ikifika naonja, na sasa natema mbali, katikati ya njia, kila anayepita aone. Shaabani, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani nyingine, imeingia, na bado nina siku za kulipa.