Picha Zetu Zote ni za Mazishi

Yule mshauri wa viza wa mtaa wa Karen alikuwa na chemchemi ya maji ofisini. Nasema ofisini, si nje. Maji yalitiririka juu ya mawe meupe karibu na dirisha, na kila alipokaa kimya kufikiria, nilibanwa na haja ndogo. Nilikuwa nimetoka Loresho ninakoishi, nikavuka nusu ya jiji asubuhi ya Jumamosi, ili mtu huyu anisomee kwa sauti ya upole mambo yaliyoandikwa bure kwenye tovuti ya serikali ya nchi ninayokwenda. Alinisomea vizuri, lazima nikiri. Hata penye nukta alipumzika.

Shida yangu ilikuwa rahisi kueleza. Mimi ni fundi wa eksirei. Hospitali moja ng'ambo ilikuwa imenipa mkataba wa miaka mitano, viza yangu ilikuwa imeshatoka, na nilitakiwa kuripoti kazini baada ya miezi minne. Nilitaka kwenda na watu wawili: binti yangu wa miaka saba, na mama yangu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi Kikuyu. Baba wa mtoto aliondoka maishani mwetu kabla mtoto hajaota meno. Aliweka sahihi ya kuacha haki zake zote kwa wakili, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumwona akilifanya kwa wakati. Kwa hiyo nilihitaji viza mbili za kukaa muda mrefu, ya mtoto na ya mzazi. Niliapa kwamba tutaenda sote watatu, na nilijisifu kwa hilo kazini, kanisani na kwenye foleni ya supamaketi.

"Mtoto ni rahisi," alisema mshauri. "Wewe ndiye mama, basi. Kazi iko kwa huyu mzazi. Lazima tuonyeshe ni dependant wako. Yaani bila wewe hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi tu."

Nilicheka peke yangu hadi kwenye gari. Mtu huyo hakuwahi kumwona mama yangu.

Kule Kikuyu, Mama alivaa miwani, akaisoma fomu ya viza jinsi alivyokuwa akisoma insha za darasa la nane, yaani akitafuta kosa. Alilipata ukurasa wa tatu.

"Nani tegemezi?"

"Ni neno la fomu tu, Mama."

"Mimi? Mimi ndio nimekutegemea? Lini?"

Nilimweleza kwamba serikali ya huko inataka kusikia ni dhaifu, hana mtu, hajiwezi, na asipopelekwa kwa binti yake ataharibikiwa. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Kisha akasema nikae chini niandike barua, na yeye ataniambia cha kuandika. Nikaandika. Kwamba ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kwa muhula wa tatu. Kwamba yumo katika kamati ya maji na mabomba ya kijiji yanamjua. Kwamba ana ng'ombe wawili wa maziwa anaowakamua mwenyewe, pensheni yake inaingia, nyumba ni yake, shamba ni lake.

"Andika pia sijalazwa hospitali tangu siku nilikuzaa wewe."

"Mama, hiyo itatuumiza."

"Ukweli unaumiza nani?"

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na nikijiuliza kwa nini, najua jibu. Kwetu hakuna mtu anayeweza kuandika kwa mkono wake kwamba mama yake hajiwezi. Tunaogopa majirani watasikia, ijapokuwa barua inakwenda bara lingine na majirani hao hawataiona hadi kiama. Mshauri wa Karen alipoisoma alisema ni barua nzuri ajabu. Alisema hivyo kuhusu kila karatasi niliyompelekea, hata risiti ya kuegesha gari iliyokuwa imejichomeka katikati.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo nililidharau. Walitaka picha za familia tukiwa pamoja, za miaka tofauti, kuonyesha kwamba uhusiano wetu ni wa kweli. Nikasema, hilo tu? Simu yangu ina maelfu ya picha. Nikaanza kuzipekua. Kulikuwa na chakula. Kulikuwa na mimi kwenye lifti, mimi kwenye lifti tena na viatu vingine, machweo ya jua kutoka roshani yangu, na skrini za matangazo nilizopiga nisome baadaye na sikusoma. Kulikuwa na za mtoto, nyingi sana, zote zimetumwa na Mama kwa WhatsApp. Sisi watatu pamoja hatukuwemo. Nikaenda Kikuyu kupekua albamu za Mama, na kati ya albamu na simu za binamu zangu nikapata picha kumi na moja.

Zote zilikuwa na jeneza.

Kwa asiyejua mazishi ya kwetu, nieleze. Ibada ikikaribia kwisha, mshereheshaji huchukua kipaza sauti na kuita watu kwa makundi wapigwe picha na marehemu. Wajukuu waje! Wakwe waje! Waliosoma naye! Waliofanya kazi naye! Watu hujipanga nyuma ya jeneza wakiwa wamevaa sare, warefu nyuma, watoto mbele, na mpiga picha hulala kwenye nyasi na suti yake. Tukishapigwa tunakula wali na maharagwe meusi ya njahi, tunaulizana mbona umepotea, tunaahidiana kutembeleana, na tunaonana tena siku mtu mwingine akifa. Kutoka kwangu Loresho hadi kwa Mama ni dakika ishirini kwa Waiyaki Way barabara ikiwa wazi. Arusi za familia zilinikuta zamu. Sherehe za kuzaliwa kwa mtoto zilinikuta zamu pia, na nilituma keki. Mazishi ndiyo ambayo kazini wanakupa ruhusa.

Nilizipeleka River Road, katikati ya mji. Kuna ghorofa moja pale yenye vibanda vya wachapishaji juu hadi chini, unaingia mjane unatoka na kadi za arusi. Fundi wa picha alizifungua moja moja kwenye kompyuta bila kuuliza nani amekufa.

"Niaje madam. Hizi box unataka nitoe?"

"Zitoe zote."

"Nikitoa inabaki hole hapa katikati. Naeza weka meza ya food. Ama keki."

"Weka chochote cha furaha."

"Na hawa watu wote wamenuna hivi kwa party?"

"Unaweza kuwachekesha?"

"Kidogo. Huyu pastor ndio amekataa."

Jeneza la mjomba wangu mkubwa likawa keki ya ghorofa tatu. Nyuma yake alisimama mchungaji na joho lake na Biblia, uso umekunjika, kama mtu aliyeahidiwa kisu cha kukatia akanyimwa. Shangazi zangu wanne, waliokuwa wakilia kwa leso, sasa walionekana kupangusa krimu midomoni. Nilicheka hadi machozi. Halafu nikazichukua, nikafunga bahasha, nikajiona mjanja.

Mama aliziona mezani kabla sijazificha. Aliichukua ile ya keki, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ni kaka yangu," alisema. "Umemfanya keki."

Aliichana ile picha vipande vinne, akachana na zile nyingine, akaniambia nitoe nakala za picha zenyewe vile zilivyo. Siku iliyofuata aliketi akaandika nyuma ya kila moja, kwa mwandiko wake wa ubaoni, jina la marehemu, mahali alipozikwa na wimbo tuliouimba. Basi hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya familia yetu kwa ushahidi, maiti kumi na mmoja na nyimbo zao.

Siku ya mahojiano ubalozini tulivaa vizuri. Afisa alikuwa Mkenya mwenzetu, mwanamke wa makamo mwenye kucha fupi na sauti ya mtangazaji wa habari. Alizipanga picha mezani safu kwa safu, akazigeuza, akasoma nyuma, akazirudisha.

"Hizi zote ni funeral?"

"Zote," nilisema.

"Hakuna hata birthday?"

"Tulikuwa na shughuli."

Mama alikohoa. Afisa alirudi kwenye picha, na nilidhani anatafuta dalili za River Road. Alikuwa akitafuta kitu kingine. Alianza kuziwekea kidole. Katika ya kwanza mtoto yuko mgongoni mwa Mama. Katika ya pili yuko mapajani. Katika ya tano amesimama, mkono wake umeshika sketi ya Mama. Katika ya nane amelala, mdomo wazi, kwenye bega la Mama.

"Na wewe uko wapi?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa mwisho wa safu. Miwani nyeusi, simu mkononi. Katika mbili kati ya hizo nilikuwa nimempa mpiga picha mgongo kwa sababu nilikuwa nikipokea simu. Sikuwahi kuliona jambo hilo, na nilikuwa nimezitazama mwezi mzima.

Akamgeukia binti yangu. "Sasa wewe, mrembo. Unakaa na nani?"

"Na shosho," alisema, akimwonyesha nyanya yake.

"Na mummy?"

"Mummy huja Sunday," alisema, kwa adabu kabisa, na alipoona bado anasubiriwa atetee kitu akaongeza, "kama hana kazi."

Nikaanza kueleza. Zamu za usiku, shule nzuri iliyo karibu na kwa Mama, yaya watatu walionitoroka, na kwamba ulikuwa mpango wa muda tu. Afisa aliuliza tangu lini. Nikasema tangu alipotimiza mwaka mmoja. Aliandika hilo, na kalamu yake ilichukua muda mrefu kuliko jibu langu lilivyostahili.

Majibu yalikuja kwa barua pepe baada ya wiki tano. Ya Mama ilikataliwa kwa heshima kubwa. Walisema mwombaji ana pensheni, makazi, mifugo, afya njema na nafasi ya uongozi katika jamii yake, na hakuna ushahidi kwamba anamhitaji mtu yeyote amtunze. Mama aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alifurahi waziwazi, nadhani ilikuwa ripoti nzuri kuliko zote alizowahi kuandikiwa na mkaguzi. Mara ya pili alivua miwani, akaangalia zizi.

Ya mtoto ilikubaliwa, kwa sharti moja. Walitaka barua ya kiapo kutoka kwa mtu ambaye amekuwa akimlea, akiridhia mtoto aondoke. Walimtaja mtu huyo kwa jina, na hakuwa mimi.

Nilikasirika. Nilimlaani afisa, mshauri, chemchemi yake na mawe yake meupe. Nilisema tutakata rufaa.

"Utawaambia nini?" Mama aliuliza. "Nimekuwa mgonjwa tangu Jumanne?"

"Basi siendi."

"Utaenda. Umesaini kazi. Na huyu mtoto ni wako, ama?"

Aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Nilisema ndiyo, ni wangu.

Niliandika ile barua ya kiapo mwenyewe, kwa lugha niliyoiona nzuri. *Mtoto huyu amekuwa akikaa kwa muda na nyanya yake kutokana na majukumu ya kikazi ya mama yake.* Nikamsomea mezani kwake saa kumi alasiri, mtoto akiwa nje anampa ndama majani. Mama alinyoosha mkono aione. Akatoa kalamu nyekundu kwenye droo, ile ambayo wastaafu wa ualimu hawaachi. Akakata *kwa muda*, juu yake akaandika *miaka sita*. Akakata *akikaa*, akaandika *akilelewa*. Sehemu ya majukumu ya kikazi aliiangalia sana, kisha akaiacha ilivyo, na huruma hiyo iliniuma kuliko wino wote.

"Sasa iko sawa," alisema. "Chapa upya. Kesho tutaenda mjini kwa wakili, nitasaini."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikasema, "Asante, Mama."

"Usinishukuru. Chukua kitabu uandike."

"Niandike nini?"

"Vile anakaa."

Nikatafuta karatasi kwenye mkoba. Alikunja mikono na kuanza kwa sauti ya darasani, polepole, ili hata wa nyuma wafikiwe. Hali ugali ukiwa umegusana na mboga. Akinyamaza ghafla, ana homa. Ukimfunga nywele anza nyuma, ukianza mbele atalia. Taa ya koridoni isizimwe. Akisema hataki kwenda shule muulize nani amemwambia nini, usimgombeze. Niliandika haraka, upande mmoja ukajaa nikageuza. Hakuna hata moja nililolijua.

"Na baridi ya huko itamsumbua sikio," alisema. "Lile huwa linamuuma. Umtilie pamba usiku."

Nikasimamisha kalamu. Nilijaribu kukumbuka, nikajaribu tena, na kupitia mlangoni nilimwona binti yangu akicheka na ndama, masikio yote mawili wazi.

"Sikio gani, Mama?"

Alijigusa sikio, kama anayemwonyesha mtoto wa darasa la kwanza.

"La kushoto," alisema.

Nikaandika: la kushoto.