Majani Mabichi ya Uwanja wa Nyaishozi

Nyaishozi nzima ilikuwa na timu ya kushabikia, ila si timu ya Nyaishozi. Vijana wa bodaboda walikuwa Simba, wenye maduka Yanga, na banda la video lilijaa watu waliogombana kwa ajili ya miji ya Ulaya ambayo baridi yake hawajawahi kuionja. Placidia alikuwa Mkungu FC, timu ya kata, iliyomaliza ligi ya wilaya mwaka jana ikiwa ya pili kutoka mkiani. Aliishabikia tangu usichana wake. Sasa alikuwa na wajukuu.

"Shemeji," Clavery, mdogo wa marehemu mumewe, alimuuliza kila msimu ulipokaribia, "huo mkungu wenu utaiva lini?"

"Siku utakapoiva utakuja kuomba ndizi, na nitakunyima."

Mwaka huu alikuwa na sababu za kutamba. Goti la kipa Winston lilikuwa limepona. Sibomana alikuwa amerudi kutoka Songambele alikokwenda kuoa, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado na hasira. Placidia alipalilia maharage huku akipanga kikosi kichwani, akimtoa beki huyu, akimrudisha yule, akigombana na kocha asiyekuwepo. Waseme wanavyotaka. Simba ina mashabiki nchi nzima; akikosekana yeye, nani atajua? Mkungu akikosekana yeye, hata mpira ukitoka nje hakuna wa kuurudisha.

Jumatano mchana Hanifu, mwenye duka la vitambaa na mwenyekiti wa timu, alimfuata shambani.

"Shikamoo, Mama Evelyn."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

"Mkaguzi wa ligi anakuja Ijumaa asubuhi. Nimetoka uwanjani sasa hivi. Hata mistari hakuna pa kuchora."

Placidia alielewa kabla hajamaliza. Kila mwaka masika yakiisha, watu waliruhusiwa kufyeka uwanja na kuchukua majani ya kutandaza kwenye migomba yao. Uwanja ulinyolewa bure, vibanja, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, vikapata matandazo. Lakini majani yale yalikuwa sangari, nyasi zinazotambaa, na sangari mbichi ukiitandaza migombani umeipanda. Kwa hiyo kila mtu aliyaacha majani yake pale pale alipoyafyeka mpaka yakauke. Mwaka huu mvua ilichelewa kuisha, watu wakachelewa kufyeka, na sasa uwanja mzima ulikuwa umefunikwa majani mabichi yenye wenyewe.

"Wameniambia tusipokuwa tayari, mechi zetu zote za nyumbani zinahamia Kayanga," Hanifu alisema. "Nani atapanda bodaboda mpaka Kayanga kuitazama Mkungu?"

"Mimi."

"Wewe, ndiyo. Na baada yako?"

Placidia alichukua upanga wake, akaenda uwanjani, na katikati kabisa, pale mpira unapoanzia, akamkuta Clavery akigeuza fungu lake, kubwa kuliko yote.

"Yahamishe, Clavery."

"Yakauke kwanza. Majani ya mtu hayaguswi, shemeji, unajua."

"Ninayo makavu nyumbani, rundo zima, niliyoyafyeka kwangu kabla ya mvua ya mwisho. Chukua makavu, nipe mabichi. Na wenzako wote uwaambie hivyo hivyo."

Clavery alisimama akamtazama. "Utayaweka wapi? Uani kwako umeanika kahawa."

"Kibanjani."

"Placidia! Kibanja cha kaka yangu hakijawahi kuota hata jani moja la sangari! Watu wakipita wanakisifia!"

"Watapata la kusema lingine."

"Kitakuwa malisho!"

"Basi lete mbuzi wako."

Waliokuwa wakigeuza majani pembeni walicheka, na Clavery akacheka kidogo kwa kulazimishwa, kisha akaenda kuchukua makavu. Hakukataa. Nani angekataa?

Kutwa ya Alhamisi rundo la Placidia lilipungua mzigo kwa mzigo, na migomba yake ikajaa majani yenye unyevu. Winston alibeba mafungu kwa pikipiki, majani yakamfunika mpaka ikaonekana kichaka kinatembea barabarani. Sibomana alibeba kichwani. Jioni Hanifu alichora mistari kwa chokaa. Ijumaa mkaguzi alizunguka uwanja, akavuta nyavu, akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila kujua alichokuwa amekanyaga.

Jumamosi ya kwanza ya ligi, wiki mbili baadaye, sangari zilikuwa zimeshachipua, vidole vya kijani kila mahali chini ya migomba. Mtu asipoziwahi zingetambaa mpaka kwenye mashina. Clavery alikuja asubuhi makusudi, akasimama njiani.

"Nimekuja kukusaidia. Pole, shemeji. Jembe liko wapi?"

"Lipo ukutani." Placidia alikuwa akifunga vifungo vya jezi ya bluu iliyofifia, kubwa kwake, ambayo zamani ilikuwa ya mumewe. "Litakaa hapo hapo mpaka Jumatatu."

"Zitakushinda."

"Zimenikuta. Kunishinda ni jambo lingine." Alimpita, akageuka. "Mechi saa kumi. Katikati ya uwanja ni peupe kabisa, na ni wewe uliyepafyeka. Njoo uone kazi yako."

Akashuka barabarani, akipiga filimbi yake ya kushangilia kabla hata ya kufika.