Mabibi Tisa na Kliniki ya Alhamisi

Mektrida alikuwa na mdomo, na kijiji kizima kilijua. Marehemu mumewe alijua, padri alijua, hata mbuzi wake walijua. Lakini Alhamisi moja ya mwaka 1997 aliteremka kutoka zahanati na mjukuu mgongoni bila kusema neno, na waliopishana naye kwenye mfereji walidhani anaumwa.

Alikuwa amerudishwa. Mtoto Gerson ana wiki tano, kadi anayo, sindano ya kifaduro ipo, ila Nesi Doris amesema mtoto aletwe na mama yake. Sasa mama yake angetokaje? Evelyn, mkwewe, alikuwa mzazi, ndiyo kwanza amejifungua, na huku mlimani mzazi hukaa ndani miezi mitatu, akilishwa na mama mkwe mtori na kitawa, vyakula vya ndizi vya kumrudishia nguvu, hashiki jembe wala haonekani njiani, mpaka siku ya kutolewa kwenda sokoni, amenawiri, watu waone alivyotunzwa. Kumtoa kabla ya hapo ni kuutangazia ukoo kwamba nyumba hii haijui kulea. Na kijiji cha jirani kifaduro kilikuwa kimeingia, mtoto mmoja amezikwa Jumapili. Mektrida aliogopa, tena sana.

Pale zahanati palikuwa na sanduku la maoni, kamati ya zahanati ililiweka mwaka juzi, na kufuli lake lingetosha ghala la kahawa. Ndani hamkuwa na kitu. Nani aandike, wakati mwandiko wa kila mtu unajulikana na anayechoma sindano ni yule yule nesi?

Jumatano iliyofuata, sala ya jumuiya ilipokwisha, Mektrida aliuliza kama kuna mwingine aliyerudishwa na mjukuu. Mkono mmoja ukanyanyuka kwa woga, ukafuata wa pili, mpaka wakafika mabibi tisa pamoja naye. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake, akaona haya kusema. Waliojua kuandika wakawaandikia wasiojua karatasi za kutia kwenye lile sanduku: jina la mtoto, jina la bibi, na neno moja, nilirudishwa. Wengine walitaka majina yaachwe. Mektrida alikataa katakata, akasema karatasi isiyo na jina ni majungu.

Kesho yake, wote tisa wakiwa kwenye foleni na watoto migongoni, Mwalimu Rogath, mwenyekiti wa kamati, alifungua sanduku akazisoma karatasi zote kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia mahudhurio shuleni. Mabibi walisubiri kufokewa.

Nesi Doris hakufoka. Alikaa kwenye benchi. Alisema kwao Singida mzazi akimaliza arobaini yuko shambani, na miaka miwili hii amekuwa akiandika kwenye ripoti kwamba wanawake wa hapa ni wavivu wa kliniki, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba huku mzazi hatoki ndani. Kisha akamtazama Mektrida.

“Watoto nitawachanja leo hii, mama zangu. Lakini mzazi mwenyewe nani anamwona? Akishikwa na homa humo ndani, nani atajua?”

Mektrida alimhamisha Gerson kutoka mgongoni, akampakata. Alikuwa na binti, Justina, aliyeolewa kijiji cha juu. Wiki ya tatu ya uzazi homa ilimpanda, wakamfunika mablanketi, wakamwongezea mtori. Miaka kumi na moja mama yake hakuwahi kulisema hilo hadharani.

“Binti yangu alifia humo ndani, nesi,” alisema. “Alikufa ameshiba.”

 Siku hiyo kamati iliamua: Alhamisi mabibi walete watoto, na Jumatatu nesi apite majumbani kuwaona wazazi. Minong'ono haikukosa, maana chumba cha mzazi si cha kila mpita njia. Mwalimu alipouliza nyumba gani ianze, kila mmoja alitaja ya mwenzake. Mektrida akasema nesi aanzie kwake.

Jumatatu Doris alifika na mkoba wake, akasimama mlangoni, akamwamkia shikamoo, akasema kama ni vigumu anaweza kuzungumza na Evelyn kupitia dirisha. Mektrida alimshika mkono akamwingiza mpaka kitandani.

“Mpime,” alisema, akivuta kigoda. “Mpime kila kitu. Na unionyeshe, nijue cha kuangalia ukiwa hupo.”