Mabanc ya darasa langu yamebaki harusini

Jamani, leo nimekaribishwa kukaa kwenye banc, benchi ya darasa langu mwenyewe. Nyumbani kwa mutu!

Asubuhi nafungua mulango wa darasa la tatu, hapa Kasongo. Hata banc moja haiko. Watoto wananiangalia, miye nawaangalia.

Namuuliza direkta. Anajibu bila haya: "Yalienda kwenye harusi, mwalimu. Yatarudi tu."

Yatarudi kwa miguu gani?

Kila harusi ya mutaa ni vile vile!

Nikaandika zoezi ubaoni. Watoto wakalala kwa tumbo, daftari kwenye vumbi. Miye nikashika njia mpaka kwa baba wa bibi harusi. Huyo ndiye prezida wa komite yetu ya wazazi. Ndiyo, prezida mwenyewe!

Namukuta chini ya turubai na wakwe wake, wamejipanga kwenye mabanc yangu, wanakunywa chai.

"Ah, mwalimu, karibu! Ikala!"

Nikamwambia sikuja kukaa, nimekuja kubeba. Akakasirika. Yeye! Eti namuaibisha mbele ya wageni.

Na ni yeye aliyenisimamisha kwenye mukutano wa wazazi, akainua daftari ya mutoto wake watu wote waone: "Mwandiko gani huu? Unawafundisha nini?"

Walimu wa Wamaza na Salamabila, kwenu pia iko hivi? Semeni!

Miye leo nimemujibu, wakwe wanasikia:

"Papa, mutoto wako saa hii anaandikia chini. Banc yake umeikalia wewe."