Hodi Tatu kwa Mhandisi wa Visima

Acha kwanza kufunga begi, mwanangu, unisikilize. Kesho unakwenda Dodoma kwa mafunzo ya vitendo, hayo mnayoyaita fildi, muhula mzima. Nakumbuka nami siku moja ya Jumatatu, nimesimama katika mji huohuo, barua ya chuo mkononi, mbele ya mlango wa mhandisi wa visima.

Mimi nililelewa Mchinga, pwani ya Lindi, na bibi yangu alitufundisha hivi: piga hodi mara tatu, usipoitikiwa, geuka uende zako, wala usichungulie. Basi nikapiga hodi tatu. Kimya. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Baada ya saa moja nikarudia. Kimya. Jioni nikaenda nilikopanga, nikijisifu moyoni kwa malezi yangu mema.

Jumanne ikawa vilevile. Siku hiyo gari la uchimbaji liliondoka na wanafunzi wawili wa chuo kingine. Mimi niliambulia vumbi lake. Na barua yangu ilisema wazi: asiyeripoti kwa msimamizi hadi Ijumaa, nafasi yake inafutwa na muhula anaurudia. Nililijua hilo, mwanangu, na bado sikugusa kitasa.

Alhamisi alipita Mama Nyemo, mhudumu wa chai, Mgogo mwenye maneno yake.

“Kijana, siku hizi mlinzi wa mlango huu ni wewe?”

“Shikamoo, mama. Napiga hodi siku ya nne leo, siitikiwi.”

“Marahaba. Sasa unangoja uimbiwe?”

“Kwetu pwani, mama, usipoitikiwa huingii.”

Alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sinia. “Kwenu huo ni mlango wa nyumba ya mtu, pengine ndani kuna mke anavaa. Humu anavaa nani? Humu kuna mafaili! Tena huyo mzee, mashine za kuchimba zimemmaliza masikio. Utapiga hodi mpaka Idi. Shika sinia hii, tangulia.”

Nikaingia. Mhandisi akaitazama chai, akanitazama mimi, akaisoma barua.

“Wewe ndiye wa Lindi?” alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. “Nimekungoja tangu Jumatatu! Barua ya kukurudisha chuoni kesho iko tayari kwa mpiga chapa. Kimbia, uichukue kabla haijagongwa muhuri.”

Mlango wa mpiga chapa nao ulikuwa umefungwa. Nakwambia kweli, mkono ulisita. Kisha nikabisha mara moja, nikasukuma, nikasalimu na kutaja jina langu. Karatasi ilikuwa mezani, na yule dada ameshaushika muhuri.

Nikaichukua kabla haijagongwa, nikabaki. Muhula ule nilijifunza kuyasoma mawe, kula ugali wa uwele kwa mlenda, na kuvaa sweta mwezi wa Juni, jambo ambalo Mchinga wangenicheka. Lakini kisima kile cha Jumanne wenzangu waliyaona maji yakiruka. Mimi niliyasoma kwenye ripoti.

Sikwambii uache adabu. Mwacha mila ni mtumwa, na hodi ni yetu. Ila nilipojichunguza baadaye, niliona kwamba siku ya kwanza ilikuwa adabu kweli. Ya pili na ya tatu ulikuwa woga, umevaa kanzu ya adabu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Wenye ofisi si wakali kama unavyowadhania, mwanangu. Wengi wana kazi nyingi tu, na wengine hawasikii.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wa heri, akurudishe kwetu mzima na mwenye ujuzi. Jumatatu ukifika, bisha, fungua mlango, salimia, taja jina lako, kisha useme umefuata nini.